JUU YA NINI NABOTHI ALIKATAA?
Habari ya mashamba ya mizabibu ya familia katika inchi ya Italia



Siku moja katika somo ya dini tulisoma 1 Wafalme 21, habari ya mufalme Ahabu na Nabothi. Munaijua. Mufalme alitaka shamba ya mizabibu ya Nabothi kwa sababu ilikuwa karibu na nyumba yake. Alisema atamupa shamba ingine nzuri kuipita ile, ao kama anataka, atamulipa feza. Nabothi alikataa, kwa sababu ilikuwa urithi wa baba zake. Kwa kukataa kule akapoteza maisha yake.

Rafiki yetu mmoja akainua mukono, akasema: «Mwalimu, huyu Nabothi hakuwa na akili. Shamba ni shamba. Wanakupa ingine ya kupita yako, na wewe unakataa mpaka kufa?» Kilasi yote ikacheka. Mwalimu hakucheka. Akauliza: «Nani kati yenu amekwisha kuona muzabibu kwa macho yake?» Hakuna hata mutu mmoja. «Basi,» akasema, «munamuhukumu Nabothi, na hamujui muti wake ni muti gani. Muende mukatafute.»

Tulitafuta. Tulichagua inchi ya Italia, kwa sababu kule kuko familia zenye kulima mizabibu tangu miaka mia na mia, baba anamuachia mutoto, mutoto anamuachia mujukuu. Tena kule kuko ndugu zetu Waprotestanti wa zamani sana, nao ni walimaji wa mizabibu. Haya ndiyo tuliyopata.

Neno moja mbele ya kuanza. Masomo yetu yanakataza pombe, na gazeti hii haikuandikwa kwa kuisifu divai. Tunaandika habari ya muti, ya udongo na ya urithi. Yenye kusikia asikie.

1. MUZABIBU NI MUTI GANI?

Muzabibu ni muti wenye kutambaa. Hauwezi kusimama peke yake kama muembe. Unataka mulingoti ao waya ya kuushika, na matawi yake yanakamata pale na kupanda.

Ukipanda muzabibu leo, mwaka wa kwanza hautakula kitu. Mwaka wa pili vilevile. Mwaka wa tatu utaona zabibu kidogo. Ni karibu mwaka wa tano ndipo muti unaanza kutoa vizuri. Lakini tangu pale unaweza kutoa miaka 30, 40, na kuko mizabibu yenye kupita miaka 100 na bado inazaa. Muhogo unapanda na unakula wewe mwenyewe. Lakini muzee wa miaka 60 akipanda muzabibu, anampandia nani? Anampandia mutoto wake, na pengine mutoto wa mutoto wake. Tushike neno hili, kwa maana habari yote ingine inatoka hapa.

Kazi ya mwaka iko hivi. Kule Ulaya kuko majira ya baridi kali. Majani yote yanaanguka na muti unalala. Ile wakati, tangu mwezi wa kwanza mpaka wa tatu, mulimaji anaingia katika shamba na makasi ya kukata matawi. Anakata karibu yote! Mutu asiyejua atasema anaharibu. Wapi! Zabibu zinazaliwa juu ya matawi mapya, na matawi mapya yanachipuka katika matawi ya mwaka uliopita. Ukiacha macho mengi juu ya tawi, zabibu zitakuwa nyingi lakini ndogo na kali, na muti utachoka. Ukikata yote kabisa, mwaka ule hutavuna. Kwa hiyo mulimaji anasimama mbele ya kila muti na kuutazama: mwaka jana ulizaa namna gani, mwaka huu utaweza kubeba ngapi, na ni jicho gani ya kulinda kwa mwaka ujao. Hektari moja inaweza kuwa na miti elfu 4 ao 5, na kila muti unataka kufikiriwa peke yake.

Sasa munaelewa Yohana 15 vizuri zaidi. Yule mulimaji mwenye kusafisha matawi hana kasirani na muti. Anaujua.

Katika mwezi wa ine macho yanafunguka, na ile saa baridi moja ya usiku inaweza kuua mavuno yote. Katika mwezi wa tano na wa sita maua yanatoka. Kisha kunakuja kazi ya jua: kufunga matawi mapya, kupunguza majani, kumwangia dawa ya shaba na chokaa juu ya magonjwa ya majani, na kuogopa mvua ya mawe. Mwezi wa tisa na wa kumi ni mavuno. Familia yote inashuka katika shamba, na wajomba wenye kukaa katika miji wanarudi, na jirani anasaidia jirani. Zabibu zinapondwa, maji yake yanachemka yenyewe kwa chachu, halafu yanawekwa katika mapipa.

Kazi hii hauwezi kuijifunza katika kitabu peke yake. Mutoto anaijua kwa kutembea nyuma ya babu. Babu anamuambia: huku chini maji yanasimama, usipande, ule mustari wa juu unakomaa juma moja mbele ya ingine, hapa baridi inashuka usiku. Maneno kama haya hayaandikwe katika karatasi ya shamba, lakini ni nusu ya urithi.

2. KADUDU KA MWAKA 1879

Tulifikiri kwamba katika familia ya zamani, miti ni ileile ya babu wa babu. Si hivyo.

Katika miaka ya 1860 kadudu kadogo sana, kenye kutoka Amerika ya Kaskazini, kaliingia katika mizabibu ya Ufaransa. Jina yake ni filoksera. Kanakaa katika mizizi na kunyonya maji ya muti, mpaka muti unakauka na kufa. Katika mwaka 1879 kalionekana Italia pia, katika jimbo ya Lombardia. Mashamba yakakauka moja nyuma ya ingine. Watu waliweka dawa, wakaweka maji, wakaomba. Kadudu kakaendelea.

Dawa ilipatikana kule kule ugonjwa ulikotoka. Mizabibu ya Amerika ilizoea kadudu hako, mizizi yake haikufi. Lakini matunda yake hayakuwa na utamu ule Waitalia walizoea. Basi wakapanda mizizi ya Amerika chini, na juu yake wakapandikiza tawi la muzabibu wao wa zamani: wanakata, wanaingiza tawi ndani ya shina, wanafunga, na miti miwili inakuwa mumoja. Mpaka leo karibu mizabibu yote ya Italia iko hivyo, mizizi ya kigeni na matunda ya kwao.

Lakini kupandikiza inchi nzima ni kazi ya miaka mingi, na ya feza nyingi. Kila familia ilipaswa kungoa miti ya baba zao kwa mikono yao wenyewe na kuanza tena kwa sifuri. Wale waliokosa feza ao moyo waliacha. Wale waliobaki na shamba hawakubaki nayo kwa sababu waliipokea. Walibaki kwa sababu waliipanda mara ya pili.

3. WENYE KARATASI

Katika jimbo ya Toskana, kati ya miji ya Firenze na Siena, kuko mulima moja na ngome ya mawe juu yake. Inaitwa Brolio. Familia ya Ricasoli iko pale tangu mwaka 1141. Muhesabu wenyewe: ni karibu miaka 900! Shamba yao ni kubwa, karibu hektari 1.200 pamoja na pori, na ndani yake karibu hektari 240 ni za mizabibu.

Mutu mwenye kujulikana zaidi katika familia ile ni Bettino Ricasoli, aliyezaliwa mwaka 1809 na kufa mwaka 1880. Alikuwa waziri wa kwanza wa Italia mara mbili, mwaka 1861 na mwaka 1866. Lakini baba yake alimuachia shamba pamoja na madeni. Kijana huyu aliacha raha ya muji, akaenda kukaa Brolio, akatafuta miaka mingi ni zabibu za aina gani zinafaa kuchanganywa. Katika mwaka 1872 aliandika barua kwa profesa mmoja wa chuo kikuu cha Pisa, akaeleza matokeo yake: sangiovese iwe ya kwanza, kwa harufu na nguvu, canaiolo ya kupunguza ukali, na malvasia, ile nyeupe, kwa divai ya kunywa upesi tu. Toka pale divai ya Chianti ilipata sura ambayo dunia inaijua.

Mwisho mwema? Bado. Katika miaka ya 1970 familia iliuza biashara na jina ya divai yake kwa kampuni kubwa ya kigeni. Udongo ulibaki wao, ngome ilibaki yao, lakini kazi na jina vilikuwa katika mikono ya watu wengine. Divai ya Brolio ikashuka sifa. Ni katika mwaka 1993 kijana wa familia, Francesco Ricasoli, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha, aliirudisha biashara katika familia. Halafu wakaanza kungoa mizabibu ya zamani na kupanda mipya karibu shamba yote.

Munaona? Miaka 900 ya karatasi haikuwalinda. Mutu anaweza kuwa na karatasi ya shamba mukononi, na shamba yenyewe imekwisha kumuacha.

4. WENYE MIKONO

Lakini tujiulize: katika ile miaka 900, nani alikuwa akikata matawi wakati wa baridi? Si baroni. Walikuwa familia za walimaji wenye kukaa katika nyumba za mawe zenye kutawanyika juu ya milima ya Toskana. Maisha yao yalikuwa katika sheria iliyoitwa mezzadria, maana yake «kwa nusu».

Ilikuwa hivi. Mwenye udongo anatoa nyumba na shamba. Mulimaji anatoa mikono yake, ya muke wake na ya watoto wote. Kisha mavuno, nusu inakwenda kwa mwenye udongo na nusu inabaki kwa mulimaji. Ndani ya nyumba moja kulikuwa babu, watoto wake wanaume na wake wao, na wajukuu, mara nyingi watu zaidi ya kumi. Muzee wa nyumba ndiye aliyesema na bwana shamba. Hata kijana akitaka kuoa, bwana alipaswa kujua, kwa sababu hesabu ya mikono na ya vinywa ilimuhusu.

Kuko familia zilizolima shamba moja namna hii vizazi vine, vitano. Walijua kila jiwe. Lakini udongo haukuwa wao. Bwana aliweza kuwafukuza mwisho wa mwaka, na wangeacha kila kitu, pamoja na mizabibu ambayo baba yao alipanda. Sasa mufikiri: mutu mwenye kujua kwamba anaweza kufukuzwa, atapanda muti wa kuzaa kisha miaka mitano kwa moyo gani?

Kisha vita ya pili ya dunia walimaji wakaanza kudai. Serikali ikaongeza fungu lao kidogo. Katika mwaka 1964 sheria ikatoka: mulimaji apate 58 kwa mia, na mapatano mapya ya mezzadria yakakatazwa. Katika mwaka 1982 sheria ingine ikaruhusu mapatano yaliyobaki yageuzwe kuwa ya kukodi, ni kusema mulimaji analipa feza ya udongo na mavuno yote ni yake.

Lakini sheria ilikuja nyuma ya watu. Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana walikuwa wamekwisha kushuka katika miji, kwa viwanda. Wasichana walikataa kuolewa na mulimaji, kwa sababu waliona mama zao walivyoteseka. Nyumba za mawe zikabaki wazi, milango inapigapiga na upepo. Wengine wakazinunua kisha, watu wa mijini na wageni wa inchi za mbali, kwa kupumuzikia tu.

Wale walikuwa na mikono, walikuwa na maarifa, lakini karatasi haikuwa yao. Basi hawakuwa na kitu cha kuachia watoto.

5. NDUGU ZETU WA MABONDENI

Sasa tupande kaskazini, katika milima ya Alpi, magaribi ya muji wa Torino. Kule kuko mabonde matatu ya Wavaldo, wale Wafaransa wanawaita Vaudois. Walianza na mufanya biashara wa Lyon aliyeitwa Valdo, katika karne ya 12, ni kusema zaidi ya miaka 300 mbele ya Martin Luther. Katika mwaka 1532 walikutanika mahali panapoitwa Chanforan na kujiunga na Matengenezo ya Kanisa. Mpaka leo wako, na mukutano mukubwa wa kanisa yao unafanyika kila mwaka katika Torre Pellice.

Watu hawa walikuwa walimaji wadogo. Walikuwa na ngombe chache, viazi, miti ya shataigne, na juu ya mawe yenye kuelekea jua walikuwa na mizabibu. Katika Pomaretto mulima ni mukali sana. Walijenga kuta za mawe bila simenti, ukuta juu ya ukuta kama ngazi, na kila ngazi ikabeba mistari michache ya mizabibu. Trakta haiwezi kupita pale. Mvua ikibomoa ukuta, mutu anabeba mawe mukononi na kuujenga tena. Divai yao inaitwa Ramìe, na serikali iliitambua katika mwaka 1996.

Lakini historia yao ni ya machozi. Katika mwaka 1655 askari wa mutawala wa Savoia waliwaua wengi. Katika mwaka 1686 mutawala alikataza dini yao kabisa. Wengine waliuawa, maelfu waliwekwa katika jela na wengi walikufa mule, na wale waliobaki walifukuzwa wakati wa baridi mpaka Uswisi. Mashamba yao na mizabibu yao yakapewa watu wengine.

Mtu angesema: wamepata amani Uswisi, wabaki. Katika mwezi wa munane wa mwaka 1689, watu karibu 900 walivuka ziwa ya Geneva usiku, na muchungaji Henri Arnaud pamoja nao, wakatembea juu ya milima ya Alpi mpaka kwao. Walikuta watu wengine ndani ya nyumba zao. Walipigana, wakateseka na njaa wakati wa baridi. Katika mwaka 1694 ndipo mutawala aliwakubalia kwa sheria kukaa katika mabonde yao. Na uhuru wa raia waliupata tu tarehe 17 Februari 1848. Mbele ya siku ile hawakuruhusiwa kununua udongo inje ya mabonde. Mpaka leo, usiku wa tarehe 16 Februari, wanawasha mioto juu ya milima kwa kukumbuka.

Nabothi angewaelewa watu hawa.

Hata hivyo, kupata uhuru hakukumaliza shida. Udongo ulikuwa kidogo na watoto walikuwa wengi. Baba alikuwa na ngazi kumi, watoto watano: kila mutu ngazi mbili. Wajukuu wakikuja, hakuna tena cha kugawanya. Basi wengi wakaondoka. Katika miaka ya 1850 kundi lilikwenda mpaka Uruguay na kuanzisha Colonia Valdense. Katika mwaka 1893 kundi ingine ilijenga muji wa Valdese katika North Carolina, Marekani. Wengine hawakwenda mbali: mwanzo wa karne ya 20 kiwanda kilifunguliwa Villar Perosa, na mulimaji akawa mufanyakazi. Muchana kwenye mashini, magaribi na siku ya posho katika mizabibu.

Hawa walikuwa na karatasi, walikuwa na mikono. Walikosa udongo wa kutosha.

6. KUGAWANYA AO KUTOGAWANYA?

Hapa ndipo mafundo yote yanakutana. Sheria ya Italia haimuruhusu baba kumunyima mutoto urithi. Kama baba anakufa bila muke na anaacha watoto wawili ao zaidi, sehemu mbili katika tatu za mali zinapaswa kuwafikia watoto wote, sawasawa, wanaume na wanawake. Ni haki. Lakini nyumba haikatwe vipande vitano, na shamba ya mizabibu ya hektari mbili ikikatwa vipande vitano, hakuna mutu mwenye kuweza kuishi nayo. Wanauza, na shamba imekwisha.

Katika jimbo ya Bolzano, kaskazini kabisa, watu wenye kusema kijerumani wana desturi ingine ya zamani. Shamba inafungwa: haigawanywe hata kidogo. Mutoto mumoja tu anaipokea nzima, na analipa ndugu zake feza. Bei haihesabiwe kwa vile shamba ingeuzwa sokoni, inahesabiwa kwa vile shamba inazaa, kusudi deni isimuue. Serikali ya Mussolini iliifuta sheria ile katika mwaka 1929, lakini jimbo iliirudisha katika mwaka 1954. Njo maana kule kuko mashamba yenye kukaa katika familia moja zaidi ya miaka 200.

Muzuri? Ndiyo, lakini musisahau wale wengine. Zamani yule mumoja alikuwa mwanaume, na dada yake alikwenda kuolewa ao kufanya kazi kwa watu. Ni katika mwaka 2001 sheria ya jimbo iliondoa upendeleo ule wa wanaume. Na wadogo wa mwenye shamba, wengi waliishi kama watumishi katika nyumba ya kaka yao.

Inchi yote ya Italia ilitafuta njia ya katikati. Sheria ya mwaka 1982, ileile tuliyotaja juu, inamupa mutoto mwenye kubaki kulima haki ya kuendelea kukodi mafungu ya ndugu zake wenye kwenda mijini. Fungu inabaki yao, wanalipwa, lakini hawamufukuze. Sheria ya mwaka 2006 inaruhusu baba, angali hai, kumukabizi mutoto mumoja kazi ya familia, mbele ya notere, ndugu wote wakiwa pale na kupewa fungu lao ao kukubali wenyewe kuliacha. Kitu cha maana ni maneno haya mawili: angali hai, na wote wakiwa pale. Palaver nyingi za urithi zinatoka wapi? Zinatoka kwa baba aliyenyamaza mpaka siku ya matanga.

Hata hivyo mashamba yanapungua. Katika hesabu ya mwaka 2010 Italia ilikuwa na mashamba zaidi ya 1.600.000 ya kila aina. Katika hesabu ya mwaka 2020 yalibaki karibu 1.130.000. Mingi ya yale yaliyobaki ni ya familia. Lakini wenye kuyalima wengi ni wazee, na muzee anamaliza kukata matawi, anatazama njia kama kuko kijana anapanda.

7. TURUDI KWA NABOTHI

Mbele ya kuchapa gazeti hii tulimupa rafiki yetu aisome, yule aliyesema Nabothi hakuwa na akili. Alisoma yote. Akasema: «Sasa ninaelewa. Ahabu aliona udongo tu. Ingine nzuri angempa, ndiyo, lakini ile ya baba yake, na miti baba yake aliijua mumoja mumoja, angeitoa wapi? Tena soma vizuri: Ahabu hakutaka hata mizabibu. Alitaka kuingoa apande mboga!» Tulifungua Biblia na kutazama. Ni kweli, iko mule. Hatukuwa tumeiona.

Lakini hakukubali kunyamaza. Akauliza: «Na ndugu za Nabothi, walipata nini?» Hapo tulikosa jibu, kwa maana Biblia haisemi. Tukaona kwamba ulizo lake ni zito kupita la kwanza. Familia moja inaposema «shamba yetu haijauzwa tangu babu,» tumusifu yule aliyebaki, lakini tukumbuke pia wale waliokwenda na mikono mitupu kusudi ibaki nzima. Na wale wengine, kama walimaji wa Toskana, waliolima vizazi vitano bila kuandikwa popote.

Sisi tumeona neno hili: urithi hautembei katika damu, na karatasi peke yake haiubebe. Ricasoli walikuwa na damu na karatasi, wakapoteza jina yao miaka 20. Walimaji wa kwa nusu walikuwa na mikono, wakafukuzwa. Shamba inapita kwa mutoto wakati mambo matatu yanakutana: karatasi yenye haki, mikono yenye kujua, na ndugu waliosikilizana mbele ya muzee kufa. Likikosa moja, kizazi kimoja kinatosha kuimaliza, hata kama vizazi 30 viliijenga.

Tunaacha ulizo kwa wasomaji wetu, wanafunzi na walimu. Kama ungekuwa baba wa watoto watano na ngazi kumi za mizabibu, ungefanya namna gani? Mutuletee majibu kwa kuandika, kurasa moja inatosha. Mazuri tutayachapa katika gazeti ijayo, Bwana akipenda.